Mzunguko wa Muuzaji

Pale gatini kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na ndiyo peke yake iliyofuatwa. Zile zilizoandikwa, kama ya kutotupa taka ziwani, zilikuwa mapambo ya ukuta. Sheria yenyewe ni hii: anayeuza tanga lililotumika sharti alipandishe kwa mkono wake, azunguke nalo peke yake mpaka boya la mbali na kurudi, ndipo alipwe. Fedha hukaa kwa msimamizi wa gati. Muuzaji akirudi mkavu, mnunuzi hulishusha tanga mwenyewe, na biashara imekwisha. Tanga lililozunguka ndilo lililouzwa. Waliuita mzunguko wa muuzaji. Uliwaponya wengi, maana kudanganya nchi kavu ni kipaji cha kila mtu, lakini kudanganya huku umekalia maji ya mita thelathini kunataka moyo wa pekee.

Mwanamke mmoja alinunua tanga bila mzunguko huo. Ndiyo maana watu walimwita Pindua.

Kabla ya hapo alikuwa akiitwa Nahodha, na hakuna aliyecheka akilitamka. Miaka tisa alipeleka watu matembezini na mashua yake ndogo, akawarudisha wote na kofia zao. Tanga lake lilipozeeka likawa jembamba kama pazia la zahanati, akauliza bei ya jipya, akatajiwa, akaomba kiti. Basi akaenda kwa mume wa mdogo wake.

Huyo shemeji alikuwa na ghala la matanga ya mitumba nyuma ya gati. Watu walimwita Jipya, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kuuza kitu kikuukuu.

"Hili jipya, shemeji," alimwambia siku hiyo, akilikunjua. "Limeonja upepo mara mbili tu, tena upepo wenyewe wa Jumapili, wa kistaarabu."

"Basi lizungushe nilione."

Jipya akajishika kifua kama mtu aliyepigwa risasi. "Shemeji! Tuzungushane kama watu waliokutana stendi? Wewe na mke wangu mmetoka tumbo moja! Nikuuzie ubovu, halafu nilale wapi?"

Mwanamke akaona haya. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na alilijutia kuliko makosa yake yote kwa jumla, pamoja na yule mchumba wa zamani mpiga tarumbeta. Akalipa, akaondoka na tanga begani. Lilikuwa likilia kwa kila hatua, krush, krush, kama karatasi mpya. Alitabasamu njia nzima.

Siku ya kumi na moja, akiwa na abiria sita, kukiwa na upepo ambao hata nywele hauchafui, tanga lilichanika kutoka pembe hadi pembe kama gazeti la jana. Mashua ikalala, ikageuka. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa amevaa jaketi la kuelea, hakufa mtu. Abiria mmoja alipoteza viatu, mwingine alipoteza simu, na mwenye mashua akapoteza jina.

Katika kikao ofisini kwa msimamizi, Jipya alikuja na shati lililonyooshwa, akasimama, akasema kwa upole wa mtu anayefariji: "Tanga lilikuwa zima, ndugu zangu. Kilichooza ni mkono." Tanga lenyewe halikuwepo litoe ushahidi. Jipya ndiye aliyejitolea kuliopoa siku ile, watu wakamsifu kwa moyo wake, na halikuonekana tena. Kibali cha kubeba abiria kikachukuliwa. Tangu siku hiyo mwanamke yule alikuwa akikwangua matumbo ya mashua za wengine kwa kisu butu, amelala chali, uchafu ukimdondokea usoni, na wapita njia wakimsalimia: "Vipi Pindua, leo umepindua nini?"

Alikuwa akijibu, "Bado naangalia."

Ukweli aliupata jikoni kwa mdogo wake, alipokwenda kumwona baada ya kujifungua. Juu ya jiko sufuria kubwa ilikuwa ikichemka, nzito, nyeupe. Akadhani ni uji wa mzazi, akachukua kikombe.

"Dada, usinywe! Huo ni wanga," mdogo wake alicheka. "Wa matanga. Tunayachovya, tunayaanika, kisha mimi napiga pasi. Mikono yangu tazama, imekuwa kama ya fundi mwashi."

"Matanga yanapigwa wanga?"

"Kwani sare za shule hazipigwi? Baba watoto anasema mteja anapenda tanga lipige kelele. Likinyamaza anasema limechoka." Kisha yule mdogo akaona uso wa dada yake ulivyobadilika, akakishika kitambaa cha meza. "Dada. Chochote unachofikiri, usimwaibishe baba wa watoto wangu."

"Nilipoaibishwa mimi, yeye nani alimwomba asifanye?"

Mdogo wake akamgeuza mtoto upande wa pili.

Usiku na mchana, Pindua alilitafuna jambo hilo kama mkwaju, na kila akilitafuna linazidi ukali. Angefanya nini? Akisema tanga lilipigwa wanga, Jipya atasema si kweli, na watu watachagua kati ya shati lililonyooshwa na mwanamke mwenye konokono kwenye nywele. Ushahidi ulishazikwa. Kilichobaki ni kimoja tu: mdomo wa Jipya. Alitaka mdomo ule ule uliosema mkono wake umeoza useme lililooza ni tanga, tena mbele za watu. Hakutaka fidia wala kuombwa radhi. Radhi angeombwa kwa siri, nyuma ya ghala, na soda juu.

Akaweka akiba miezi saba. Kisha, asubuhi moja akifuta ubao wa matangazo ofisini kwa msimamizi, akasoma kwamba Jumamosi ijayo Mkuu wa Chuo cha Ubaharia atafika kuchagua matanga ishirini ya mitumba kwa ajili ya wanafunzi, kwa vile bajeti ya chuo haifiki kwenye mapya. Akalisoma tangazo mara mbili. Mara ya pili alilisoma akiimba.

Jumamosi saa nne, Jipya alikuwa mlangoni mwa ghala, shati kama kawaida, akimtembeza Mkuu wa Chuo. Huyo alikuwa mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, asiyecheka ovyo. Msimamizi wa gati alikuwa nyuma yao na filimbi yake. Ghala zima lilinukia pasi, kama nyumba yenye wanafunzi Jumapili jioni.

"Hili jipya, mama," Jipya alikuwa akisema. "Sikia linavyoongea."

"Hodi," Pindua akasema.

Tabasamu la Jipya likakwama kidogo, kisha likaendelea. "Aa, shemeji! Karibu, karibu. Mama Mkuu, huyu ni dada wa mke wangu. Mtu wa bidii sana, anakwangua mashua."

"Nimekuja kununua tanga, shemeji. Fedha zangu chache, ila ni taslimu."

Angemfukuza, lakini mteja mwenye taslimu mbele ya mteja mkubwa ni tangazo la bure. "Chagua, ndugu yangu! Hapa ni kwako."

Pindua akapita kati ya marundo bila haraka. Hakuwa anachagua, alishachagua miezi mingi nyuma. Miaka miwili iliyopita Jipya alikuwa amenunua matanga mawili pacha, yote yana mstari wa buluu, kwa mshonaji mmoja. Moja alilificha kwenye mfuko gizani, akilitoa siku za mashindano tu, na lilikuwa kipenzi chake kuliko binamu zake wote. La pili alikuwa akilikodisha, likapigwa jua mpaka likaiva. Sasa lile lililoiva lilikuwa pale juu ya rundo, limenyooshwa, jeupe, linang'aa kama jino la bandia. Mashua ya Pindua na ya Jipya zilikuwa kipimo kimoja.

Akalibonyeza kwa kidole gumba. Krush.

"Hili."

"Macho unayo, shemeji. Hilo jipya kabisa."

"Nalijua." Akamgeukia msimamizi, akamkabidhi bahasha. "Shika, mzee. Tunangoja mzunguko."

Jipya alicheka kwa sauti ya mtu anayepanda ngazi mbovu. "Shemeji, tumeanza tena? Sisi ni ndugu…"

"Mzunguko ni nini?" Mkuu wa Chuo akauliza.

Msimamizi akamweleza, kwa fahari, maana ndiyo sheria pekee aliyoimudu. Mama Mkuu akavua miwani. "Utaratibu mzuri sana huu. Mbona hukuniambia, bwana?"

"Nilikuwa… ndiyo nilikuwa nakaribia kukwambia, mama."

Nje upepo ulikuwa umeamka vizuri, kamba zikigonga milingoti. Jipya alitazama tanga, akatazama maji, akatazama miwani ya Mama Mkuu. Ukimwangalia karibu ungeona hesabu zikimpita usoni kama mchwa. Kisha uso ukatulia ghafla. Pindua akajua kwamba panya ameona tundu, na tundu lenyewe ni yeye aliyelichimba.

"Sawa! Nendeni mkaandae mashua. Mimi nalikunja vizuri kwenye mfuko, nakuja nalo."

Wakaenda. Alichelewa kidogo. Alipofika na mfuko begani, Pindua alitega sikio: tanga lile halikulia. Lilinong'ona, kama shuka la pamba. Akainama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba, ili watu wasione meno yake yote.

Jipya alilipandisha kwenye mashua ya Pindua, mstari wa buluu ukasimama angani, tanga likashiba upepo bila mkunjo. Akaenda mpaka boya, akageuza kwa madaha, akarudi mkavu, shati lile lile. Msimamizi akapiga filimbi. Hata Mama Mkuu alipiga makofi mawili.

"Mmeona?" Jipya akaruka gatini, na papo hapo akageuka kuikamata kamba ya tanga. "Ngoja nikushushie, shemeji. Nalikunja upya kule ghalani, nakuletea."

"Aa-aa." Mkono wa Pindua ulikuwa umeshafika. "Mnunuzi ndiye anayeshusha."

"Ndivyo," msimamizi akasema. "Tanga lililozunguka ndilo lililouzwa."

Akamhesabia Jipya fedha za Pindua mkononi, bei ya mitumba, noti zilizokunjamana kama kinywa cha kikongwe. Jipya alizishika kana kwamba ni za moto. Akasogea karibu, akanong'ona bila kusogeza midomo.

"Shemeji, mifuko imechanganyika kidogo."

"Ati?"

"Hilo siyo. Lako liko ghalani."

"Sema kwa sauti, shemeji. Sema: hilo ninalouza siwezi kulizungusha kwa sababu limeoza, ndiyo maana nimezungusha langu. Ukisema, nakurudishia sasa hivi. Na fedha baki nazo."

Wakatazamana. Upande mmoja, tanga alilolipenda kuliko binamu zake. Upande wa pili, matanga ishirini ya chuo. Jipya akarudi nyuma hatua moja, akatanua mikono. "Hongera kwa tanga lako, shemeji! Jipya kabisa."

Kwa mtu mwenye moyo mdogo, hapo pangetosha. Amepata tanga la mashindano kwa bei ya kitambaa cha kufutia. Lakini Pindua hakuwa amekwangua konokono miezi yote hiyo kwa ajili ya kitambaa. Alimgeukia Mama Mkuu kwa adabu zote, mikono mbele.

"Na wewe mama, usione haya kama nilivyoona mimi. Mwambie akuzungushie. Si yote ishirini, moja tu."

"Hilo ndilo nililokuwa nafikiri," Mama Mkuu akasema. "Bwana, tuletee lolote. Lile la juu kabisa."

Jipya alisema upepo umezidi. Msimamizi akamkumbusha kwamba ni huu huu aliozunguka nao sasa hivi. Alisema mgongo unamsumbua. Mama Mkuu akasema wanafunzi wake wengine pia wana migongo. Alipoona hakuna aliyecheka akajua limefika. Sasa hakuwa na tanga zima hata moja ghalani. Lile moja lilikuwa limelala kwenye mashua ya shemeji yake, sasa mali ya shemeji kihalali, mbele ya mashahidi.

Angeweza kukataa. Angepoteza chuo, basi. Lakini tamaa ina hesabu zake: alijiambia mengine huvumilia, kwamba akienda polepole, akilegeza kamba, boya siyo mbali. Ukiuza uongo miaka mingi huanza kukupunguzia bei mwenyewe. Akavaa jaketi la kuelea, akapandisha tanga la wanga kwenye mashua yake. Lililia krush, zuri, jeupe. Akaondoka.

Pindua naye alipandisha tena lake, bila kuagizwa na mtu. "Nalijaribu," alimwambia msimamizi. Akafuata kwa mbali.

Mpaka nusu ya njia Jipya alikuwa sawa. Kisha mawimbi mafupi yakaanza kurusha maji juu ya tanga, na wanga ni kitu kinachopenda maji. Pale lilipolowa, ule weupe uliteleza, ukatiririka chini ya mlingoti kama maziwa yaliyoganda, na chini yake kikatokea kitambaa cha rangi ya chai, chenye mishono iliyoachia. Gatini watu walikuwa wamesimama. Upepo ukavuta pumzi moja tu. Tanga likafunguka kutoka pembe hadi pembe, sauti ikasikika mpaka ofisini, mashua ikayumba, ikalala, ikageuka. Jipya akatokea upande wa pili, shati limejaa maji, amelikumbatia tumbo la mashua yake kama mtoto aliyekataa shule.

Msimamizi akapuliza filimbi, ambayo haikumsaidia mtu. Pindua alikuwa ameshafika. Akalegeza tanga, akamzunguka polepole, mbali kidogo kuliko urefu wa mkono.

"Shemeji! Kamba! Nitupie kamba!"

"Ipo. Tanga lilikuwaje?"

"Hee?"

"Lile uliloniuzia. Lilikuwaje?"

"Shemeji, maji baridi haya! Mambo ya nyumbani tuyaongelee nyumbani!"

"Kikao hakikuwa nyumbani." Akageuza usukani, akamzunguka tena. Jaketi la Jipya lilikuwa limefungwa vizuri. Pindua alikuwa amelikagua kwa macho kabla hajaondoka gatini. Asingekufa. Angelowa tu, na kulowa ni elimu. "Una nafasi. Mimi leo sina abiria."

Mzunguko wa tatu, Jipya akasema kitu.

"Sikusikia. Upepo."

"Lilikuwa limeoza!"

"Gatini hawakusikia. Wale pale."

Jipya alitazama gatini: msimamizi, Mama Mkuu ameshika miwani, wapiga rangi wa mashua, wauza tiketi, wote wamejipanga ukingoni kama ndege. Maji yana tabia ya kubeba sauti kuliko waya. Alifumba macho.

"Tanga nililomuuzia shemeji lilikuwa limeoza! Nililipiga wanga! Nikalichoma moto!"

Hilo la moto hata Pindua hakulijua. Lilimpanda kichwani. Akageuza usukani, akamzunguka mara nyingine.

"Na mkono?"

"Mkono wako hauna kosa!"

"Wa nani?"

"Wa Nahodha! Nahodha, nitupie kamba, mama yangu, nakufa!"

Kule gatini mtu mmoja alicheka, kisha wengine, kisha wote. Msimamizi alionekana akivua kofia yake, akiitazama ndani kana kwamba kikao kile kilikuwa kimefanyikia humo. Mama Mkuu hakucheka. Alikuwa anaandika kitu kwenye daftari, akakata mstari mrefu.

"Shemeji," Jipya akasema, sasa kwa sauti ndogo, meno yakigongana, "nimesema yote. Mdogo wako ana mtoto mchanga. Nihurumie."

Nahodha alimtazama. Alijipapasa moyoni akitafuta huruma, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni mwa gauni: upande huu hamna, upande huu hamna. Ya mdogo wake aliipata, akaiweka pembeni. Jioni angempelekea chakula. Ya huyu hakuipata, na kwa kweli hakuitafuta sana.

"Nitakutupia," akasema. "Ngoja kwanza nione tanga langu linavyogeuka upande wa kushoto."

Akavuta kamba, tanga likajaa, akaenda kuzunguka boya.